Mikumi: Darasa Kandokando ya Barabara Kuu

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ikapanuliwa mwaka 1975, na eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Jambo linaloitofautisha na hifadhi nyingine nyingi ni kwamba barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Iringa, Mbeya na hatimaye Zambia huipasua kwa urefu wa kilomita 50 hivi. Kwa hiyo darasa litokalo Morogoro huanza kuona wanyama kabla basi halijafika langoni.

Mwalimu hodari hatawaacha wanafunzi wapige kelele tu kila waonapo twiga. Atawagawa, hawa dirisha la kushoto, hawa la kulia. Mmoja aandike aina ya mnyama, mwingine idadi, mwingine saa, uoto na umbali wa kukisia kutoka barabarani. Jioni daftari litajaa swala pala, punda milia, nyumbu na nyani. Hapo ndipo sayansi inapoanza, kwa kuwa hesabu hiyo si ya hifadhi, bali ni ya kando ya barabara. Katika uwanda wa Mkata udongo ni mfinyanzi mweusi, ambao hupasuka kiangazi na kutuama maji masika. Miti mingi haiustahimili, na mnyama huonekana tangu mbali. Katika vilima vya miombo mnyama aliye hatua 30 tu aweza kufichwa na majani. Palahala na tandala wakaao huko huenda wasiandikwe hata mara moja, nao wapo.

Isitoshe, barabara yenyewe huwavuta baadhi ya wanyama. Maji ya mvua hutiririka kutoka kwenye lami na kuchipuza majani mabichi ukingoni. Nao nyani, ambao watafiti wamewachunguza Mikumi tangu miaka ya 1970, hujifunza upesi kwamba basi hudondosha chakula. Ganda la ndizi lililotupwa dirishani humwita mama, na mtoto aliye mgongoni mwake hujifunza papo hapo mahali pa kungoja basi lijalo.

Mwalimu wa fizikia naye ana sehemu yake katika safari hii. Dereva akishtuka, hupita yapata sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari dogo husonga mita 22 katika sekunde hiyo. Kisha, juu ya lami kavu, huhitaji mita 35 nyingine hivi kabla ya kusimama. Jumla ni mita 57. Kwa kilomita 50 kwa saa jumla hiyo ni mita 28 tu, yaani 14 na 14. Wanafunzi watatambua kwamba umbali wa breki hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Lori lililosheheni huhitaji zaidi.

Usiku mambo huwa mabaya zaidi, kwani taa zilizoinamishwa humulika makumi machache ya mita. Macho ya swala yana utando nyuma unaorudisha nuru, nayo hung'aa gizani. Lakini macho ya twiga yako juu ya mwale wa taa. Dereva huona miguu minne tu, akidhani ni vigogo. Tembo aliyegeuza ubavu hana hata cha kung'aa.

Barabara hii haiwezi kufungwa, maana hupitisha shehena za Zambia, Malawi na Kongo. Ndiyo sababu yamewekwa matuta, pamoja na mabango yanayotaja faini kwa kila aina ya mnyama atakayegongwa. Madereva hulalamika kwamba wanacheleweshwa. Darasa laweza kulipima lalamiko hilo kwa penseli: kilomita 50 kwa mwendo wa 50 ni dakika 60, na kwa mwendo wa 80 ni dakika 38. Tofauti ni dakika 22.