Darajani Pasipo na Daraja



Likizo iliyopita mtoto mmoja wa familia zetu za hapa Mawaleh alikwenda Unguja kwa mara ya kwanza. Aliporejea hakusimulia habari za fukwe wala za pweza wa Forodhani, bali alimkabili bibi yake kwa suali moja: "Bibi, pale Darajani, daraja lenyewe liko wapi?" Bibi alicheka, kisha akanyamaza. Sisi tuliokuwapo barazani tulitazamana. Tumepita Darajani maisha yetu yote, tumenunua samaki na vitambaa, na wengi wetu hatukuwahi kuliuliza suali hilo.

Tumeona ni wajibu wetu kulijibu katika kurasa hizi, kwa sababu jawabu lake linahusu zaidi ya soko moja. Linahusu namna miji inavyoyatendea maji yake ya kale, na jambo hilo linatugusa huko tulikotoka na hapa tunapoishi.

MAJI YALIYOFUKIWA

Daraja lilikuwapo kwa sababu maji yalikuwapo. Mji Mkongwe umekaa juu ya rasi, na hapo zamani hori la bahari liliingia kutoka upande wa Funguni, likapita nyuma ya mji na kuelekea Mnazi Mmoja. Siku za bamvua, maji yalipojaa, mji ulikaribia kuwa kisiwa. Yalipokupwa pakabaki matope. Aliyetaka kwenda upande wa pili alivuka, na upande huo ukaitwa Ng'ambo. Jina limebaki mpaka leo, ingawa hakuna tena cha kuvuka ila barabara.

Mwanzoni mwa karne ya 20 watawala wa Kiingereza walianza kulifukia hori hilo kidogo kidogo, na kazi hiyo iliendelea kwa miongo kadhaa. Hoja yao kubwa ilikuwa afya, kwani hori lilijaa matope na taka. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Lakini ardhi iliyopatikana ilitumika pia kuendeleza mpaka baina ya mji wa mawe na watu wa Ng'ambo. Palipokuwa na maji pakawa na barabara, ambayo leo inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa.

Kuna jambo moja ambalo kufukia hakukulimaliza. Mvua haikuarifiwa kwamba hori halipo tena. Sehemu za mabondeni za Ng'ambo zimekuwa zikijaa maji kila masika, watu wakatoa magodoro yao nje kuyaanika. Katika muongo wa 2010 ilibidi Serikali ya Zanzibar, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ijenge mitaro mikubwa ya kuyatoa maji ya mvua mjini. Kwa maneno mengine, miaka mia moja baada ya njia ya maji kufukiwa, ilibidi maji yatafutiwe njia nyengine kwa fedha nyingi.

FORODHANI: BUSTANI YA NANI?

Upande wa pili wa mji, unaoelekea bahari kuu, kisa ni tofauti. Forodhani, kama jina linavyoeleza, palikuwa mahali pa forodha, pa mabohari na mizigo. Bandari mpya ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, mahali hapo pakabaki wazi, na katikati ya miaka ya 1930 pakafanywa bustani ya kuadhimisha jubilii ya miaka 25. Wazee wetu wengi wanaikumbuka kwa jina la Bustani ya Jubilii.

Miaka ilipopita bustani ilichakaa. Ukuta wa bahari ulikula chumvi, nyasi zikakauka, na usiku taa zilizowaka zilikuwa za wauza vyakula peke yao. Mwaka 2008 Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, kwa makubaliano na Serikali, ilianza kuitengeneza upya, na bustani ikafunguliwa Julai 2009. Ukuta ulikarabatiwa, mitaro ikachimbwa, taa zikawekwa, na watoto wakapata mahali pa kuchezea.

Wakati wa ujenzi palikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na haki yake. Watu waliuliza: je, wauza mishkaki na urojo watarudi? Je, mtoto wa Ng'ambo ataruhusiwa kukaa kwenye nyasi, au bustani itakuwa ya wageni wa mahoteli? Wauzaji walirudi, wakapangiwa sehemu yao. Aliyefika pale jioni amewaona, wamevaa kofia nyeupe, na amewaona vijana wakikimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani kama walivyofanya baba zao. Bei nazo zimepanda, na wenyeji wengi hulalamika kwamba chakula cha pale sasa kinapimwa kwa mfuko wa mgeni. Yote mawili ni kweli, na mwenye insafu hayatenganishi.

Mbele ya bustani hiyo limesimama Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati likitengenezwa kwa msaada wa Serikali ya Oman, sehemu yake ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili wakafariki dunia. Mwenyezi Mungu awarehemu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa jumba lile ulikuwa wa miaka mingi.

HUKU TULIKO

Tusidhani mambo haya ni ya Unguja tu. Tunapokwenda Matrah usiku kupunga upepo, tunatembea juu ya barabara ya pwani iliyojengwa katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo nyumba za Sur al-Lawatia zilikuwa zikitazamana na maji moja kwa moja. Mwaka 2014 shehena za biashara zilihamishiwa Sohar, na bandari ya Sultan Qaboos ikaelekezwa kwenye utalii. Mwaka 2017 likafunguliwa soko jipya la samaki, lililochorwa na wasanifu wa Snøhetta wa Norwei. Lenye kusifiwa ni kwamba samaki hawakuondolewa pwani ili pabaki mikahawa mitupu.

Hata hivyo mvua kubwa ikinyesha, maji hushuka kutoka milimani na kupita katikati ya souk ya Matrah, kwa kuwa hapo ndipo njia ya wadi. Na nani katika sisi aliyemsahau Gonu? Mwezi wa Juni 2007 maji ya Wadi Adai yaliteremka mpaka Qurum, yakachukua magari, barabara na roho za watu; nchini Oman walifariki takriban watu 50. Wadi hukaa kavu miaka, mtu akaiona kiwanja, akajenga. Siku wadi inaporudi, hudai kilicho chake.

Karibu na sisi hapa, bwawa la Al Khoud lililojengwa mwaka 1985 linatufundisha njia nyengine: maji ya mafuriko huzuiliwa, yakaachwa yatulie na kuzama ardhini, yakanufaisha visima. Huko maji hayafukuzwi wala hayafukiwi, bali hupewa nafasi.

WALIOFUKUA

Mjini Seoul, Korea ya Kusini, mto wa Cheonggyecheon ulifunikwa kuanzia mwaka 1958, kisha juu yake ikajengwa barabara ya angani. Mwaka 2003 mji ule uliamua kuibomoa, na mwaka 2005 kijito kikafunguliwa kwa urefu wa takriban kilomita 6. Mawe ya daraja la kale yaliyokuwa yamezikwa yalitolewa na daraja likajengwa upya. Leo watu hukaa ukingoni na kutia miguu majini. Lakini wachuuzi waliokuwa wakitafuta riziki juu ya mto ule walihamishwa, na si wote waliopata tena soko kama lile. Ndiyo maana tunasema uzuri wa mahali haupimwi kwa picha peke yake.

LA KUFANYA

Sisi hatudai kwamba hori la Darajani lifukuliwe. Watu wanaishi na kufanya biashara juu yake. Tunachosema ni kwamba mwenye kupanga upya ukingo wa maji katika mji wa kale aulize mambo matatu kabla ya kuchora: maji yatapita wapi, maskini waliokuwapo watakula wapi, na jina la mahali litaelezwa vipi kwa mtoto atakayeuliza. Mstari wa mawe tu barabarani, unaoonesha ukingo wa zamani ulikuwa wapi, pamoja na miti ya kivuli, ungetosha kumjibu mtoto wetu.

Darajani, Ng'ambo, Funguni, Mtoni alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844: majina haya ni ramani ya maji. Ramani hiyo imo vichwani mwa wazee wetu, na kila mwaka tunazika sehemu yake makaburini. Kwa hivyo tunawaomba wenye picha za zamani za pwani na mitaa waandike nyuma yake mahali na mwaka, na vijana wakae na bibi zao na kalamu mkononi.

Ama bibi wa yule mtoto, baada ya kunyamaza alimvuta mjukuu wake karibu, akachovya kidole katika kikombe cha maji, akachora hori juu ya sinia ya kahawa. "Hapa mji," akasema, "hapa Ng'ambo. Na daraja, mwanangu, lilikuwa hapa."

Wabillahi tawfiq.