Leza za protini: matumaini yapo, lakini usiache matibabu

Vunja yai, kisha utazame ute wake kabla hujaukaanga. Utaona ng'ambo kana kwamba ni kioo. Ukipata moto hugeuka mweupe na nuru haipenyi vizuri tena. Ute huo ni maji na protini. Ndani ya jicho lako nako mna lenzi iliyojengwa kwa protini. Protini hizo zikishikana mabonge kwa sababu ya uzee, ugonjwa wa sukari au kuumia, lenzi huingia ukungu. Huo ndio mtoto wa jicho.

Kwa hivyo, kupitisha nuru katika protini si jambo geni kwa mwili. Jambo geni ni kwamba wataalamu sasa wanatumia protini kuunda lenzi na hata leza ndogo mno.

Je, leza ni nini? Ni mwangaza wa rangi moja unaokwenda kwa mstari, wala hautawanyiki kama ule wa balbu. Leza ya kwanza iliundwa Marekani mwaka 1960 kwa jiwe la yakuti. Kwa kawaida huhitajika vitu vitatu: kitu kinachotoa nuru, nguvu ya kukichochea, na vioo vya kuirudisha nuru huku na huku hadi ikolee.

Mwaka 2011, Malte Gather na Seok Hyun Yun, waliokuwa wakifanya utafiti Boston, Marekani, walitumia protini ing'aayo rangi ya kijani. Asili yake ni konyeza, yule mnyama wa baharini aliye mwororo kama jeli. Seli za figo za binadamu zilizokuzwa maabarani zilifanywa kutengeneza protini hiyo. Seli moja iliwekwa kati ya vioo viwili vidogo, ikamulikwa kwa nuru ya buluu, nayo ikatoa miale ya leza ya kijani. Seli yenyewe haikufa.

Wengine hutumia hariri. Katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, Fiorenzo Omenetto na David Kaplan walionyesha kwamba nyuzi za hariri zikichemshwa ili kuondoa gundi, zikayeyushwa na kumiminwa katika kalibu, hutoa lenzi safi. Hapa kwetu, kituo cha icipe cha Nairobi kimewafundisha wakulima kufuga viwavi wa hariri, ingawa kwa ajili ya nguo.

Faida yake ni nini? Kifaa cha kioo au chuma kikiachwa mwilini, huenda mgonjwa akahitaji kupasuliwa tena ili kitolewe. Hariri, ambayo madaktari wameitumia kushonea vidonda kwa miaka mingi, inaweza kutengenezwa iyeyuke polepole yenyewe. Matumaini ni kwamba siku moja kifaa kama hicho kitakaa chini ya ngozi na kubadilisha mwangaza wake kulingana na hali ya damu au kidonda.

Lakini sikia vizuri, msomaji: leza hizi bado ni za maabara. Mtu akikujia Likoni, Kisauni au Changamwe akikuuzia leza ya protini, au dawa ya matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho, weka pesa zako mfukoni. Yai lililokaangwa halirudi kuwa bichi, na hakuna tone lililothibitishwa kuisafisha lenzi iliyoingia ukungu.

Tiba iliyopo ni upasuaji. Daktari huitoa lenzi hiyo na kuweka ya plastiki mahali pake, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa wakazi wa kusini, kituo cha macho cha Kwale kiko upande huo huo wa Likoni, bila kuvuka feri.

Ikiwa una ugonjwa wa sukari, pimwa macho kila mwaka hata kama unaona vizuri. Na ikiwa mzazi wako ameanza kujikwaa kizani au kulalamika kwamba taa za magari zinamtia kiwi, mpeleke akaangaliwe. Asingoje leza ya kesho ilhali tiba ya leo ipo.