Chombo cha nyuzi kinachogongwa kwa vidole: juu ya nini bei iko kali, na fundi wa Kamina anaweza kufanya nini

Katika simu za vijana wanaopenda muziki kunapita video ya mtu aliyesimama na chombo chenye nyuzi kama gitare, lakini haikwaruzi. Vidole vya mikono miwili vinashuka juu ya nyuzi kama vya mpiga piano. Mkono mmoja unatoa basi, mwingine unatoa wimbo. Mtu ni mmoja, lakini masikio yanahesabu wawili.

Maswali yanayofuata ni yale yale kila mara: kile chombo ni feza ngapi? Na kikifika Kamina, mkono utakizoea?

Maswali haya mawili, kweli ni moja. Chombo hiki kinakuwa laini kwa vidole kwa sababu ya kazi fulani ya fundi, na ni kazi ile ile njo inayopandisha bei. Anayeelewa kazi hiyo anaweza kujua kama atume feza yake mbali, ama aanze na gitare iliyo nyumbani.

Kilitoka wapi

Chombo kinachojulikana zaidi cha aina hii kinaitwa Stick, maana yake fimbo. Kilitengenezwa na Emmett Chapman, mpiga gitare ya jazi wa Los Angeles, Marekani. Mwaka wa 1969, akiwa na gitare yake, alianza kugonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, kila mkono ukiwa huru kwa mwenzake. Gitare ya kawaida haikutosha kwa kazi hiyo, basi akatengeneza chombo kipya: ubao mrefu, bila tumbo la gitare, wenye nyuzi 10. Alianza kukiuza mwaka wa 1974. Chapman alikufa mwaka wa 2021, lakini vyombo vyake vinaendelea kupigwa.

Mwaka wa 2007, tena Marekani, kukatokea kingine kinachoitwa Harpejji. Hiki kinalala kama meza, na ubao wake una rangi nyeupe na nyeusi kama vidude vya piano, ili mpiga piano asipotee. Stevie Wonder ni mmoja wa wale waliokipiga mbele ya watu.

Hapa Katanga, mtu mmoja kutoa sauti mbili si jambo geni. Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, alipiga gitare kwa kidole gumba na kidole cha pili tu, na watu wakafikiri kuko wapigaji wawili. Hugh Tracey alimrekodi mwaka wa 1952 pale Jadotville, njo Likasi ya leo, na gitare ya Katanga ikasikika mpaka mbali. Na mbele ya gitare kulikuwa likembe, ile ambayo wazee wanaita pia kisanji: gumba la kushoto na gumba la kuume, kila moja na kazi yake, wimbo mmoja. Mtoto aliyekua na likembe mkononi tayari anaelewa wazo la chombo cha kugonga.

Mkono unasikia nini

Katika gitare ya kawaida, mkono wa kushoto unakandamiza uzi na mkono wa kuume unaukwaruza. Katika kugonga, kidole kimoja kinafanya kazi zote mbili. Kinashuka haraka, kinapiga uzi juu ya kile chuma kidogo kinachokata shingo, na uzi unalia kwa pigo lile. Ukigonga kwa nguvu, sauti inakuwa kubwa. Ukigonga pole, inakuwa ndogo. Ni sawa na piano.

Shida inaanza hapo. Kama uzi uko mbali na shingo, kidole kinasafiri sana mbele ya kufika, na mpigaji anachoka mbio. Tena, uzi ulio juu ukikandamizwa unavutika, na sauti inapanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Katika gitare nyingi uzi uko karibu milimita 2 juu ya chuma cha 12. Gitare ya kutengenezwa nyumbani mara nyingi inapita hapo. Kwa kugonga, mpigaji anatafuta karibu nusu ya hiyo.

Kushusha nyuzi si kazi. Kazi ni kuzishusha bila zizomee. Kama chuma kimoja cha shingo kimepita wenzake kwa unene wa karatasi tu, uzi utakigusa na kutoa kelele ya nzi. Njo maana ulaini wa chombo hiki hautoki katika mbao za bei kali wala rangi inayong’aa. Unatoka katika vyuma vilivyolingana kabisa, juu ya shingo isiyopinda.

Na shingo ya mbao inapinda. Kamina ina miezi ya mvua na miezi ya kiangazi. Mbao zinakunywa maji, halafu zinakauka. Gitare iliyokuwa laini mwezi wa sita inaweza kuzomea mwezi wa kwanza. Kwa sababu hiyo shingo nzuri ina chuma kirefu ndani yake ambacho fundi anakaza ao kulegeza. Chapman alienda mbali zaidi: alitoa pia aina moja ya Stick iliyokatwa katika aluminiamu nzima, kwa mashine, inayoitwa Railboard. Aluminiamu hainywi maji, na kazi ya mikono inapunguka. Kwa hiyo ilitoka kwa bei ya chini kuliko ndugu zake za mbao. Mji wa reli kama Kamina utaelewa jina lile: vyuma vinavyokata ubao vinafanana na reli ndogo.

Bei ya kununua na bei ya kukaa nacho

Hata hivyo, "bei ya chini" ya Marekani si bei ya chini ya Haut-Lomami. Vyombo hivi vikiwa vipya vinahesabiwa kwa mamia mengi mpaka maelfu ya dola. Ongeza usafiri mpaka Lubumbashi, ongeza duane, ongeza treni ao barabara mpaka Kamina. Lakini hiyo yote inalipwa mara moja. Bei inayosumbua ni ile inayorudi.

Kwanza ni nyuzi. Gitare ina 6, na pakiti yake inapatikana Lubumbashi bila shida. Chombo cha nyuzi 10 kina unene wake na urefu wake. Uzi mmoja ukikatika usiku wa sherehe, hakuna duka la karibu la kuubadilisha.

Pili ni umeme. Stick haina tumbo la kuongeza sauti. Bila ampli, anayeisikia ni mpigaji mwenyewe. Umeme ukikatika, muziki umeisha, isipokuwa kama kuko batri na pano ya jua.

Tatu ni fundi. Chombo ambacho hakuna mtu wa kukitengeneza karibu kiko bei kali, hata kama ulikipewa bure.

Kuanza na gitare iliyopo

Kugonga kwenyewe hakulipishwi. Mmarekani mwingine, Stanley Jordan, amejulikana kwa kugonga gitare ya kawaida kwa mikono miwili, na kitabu cha kazi yake ni sahani ya mwaka wa 1985 iliyouzwa sana. Korale yenye gitare moja ya umeme inaweza kujaribu kwa hatua hizi.

Ya kwanza: weka rula iliyonyooka juu ya vyuma vitatu vinavyofuatana. Rula ikicheza, cha katikati kiko juu. Kitiwe alama, kisha kipunguzwe pole pole kwa tupa laini. Rudia mpaka mwisho wa shingo.

Ya pili: shusha shevale, kile kipande cha chini kinachobeba nyuzi, kidogo kidogo. Kelele ya kuzomea ikianza, rudisha nyuma kidogo, simama hapo.

Ya tatu: tia nyuzi nyembamba za chuma, pakiti iliyoandikwa 009 ao 010. Nyuzi za breki ya kinga zinazotumiwa kwenye banjo za nyumbani zinashika, lakini uzi mnene wa chuma kitupu ni mgumu kwa kidole. Uzi wa basi wa dukani umezungushiwa waya mwembamba juu yake, njo maana una uzito lakini unabaki laini.

Ya ine: funga kitambaa kidogo ao kamba ya nywele juu ya nyuzi, karibu na chuma cha kwanza, upande wa funguo. Uzi ukigongwa, sehemu zote mbili zinalia, ya mbele na ya nyuma ya kidole. Kitambaa kinanyamazisha ile ya nyuma. Bila hicho, kazi nzuri ya vidole itafunikwa na makelele.

Ya tano: tumia mikro ya gitare yenye sumaku, inayosikia mwendo wa uzi wa chuma. Kale kamikro ka duara kanakobandikwa kwenye mbao kako bei ndogo, lakini kanasikia pia kila pigo la kidole kwenye ubao.

Halafu mkono wa kushoto ugonge basi kwenye nyuzi nene, na wa kuume wimbo kwenye zile nyembamba. Siku za kwanza mikono itagombana. Aliyepiga madimba anajua ugomvi huo, na anajua pia kwamba unaisha.

Kwa fundi anayetaka kutengeneza kipya

Seremala anayetaka kuanza na ubao mtupu asikisie nafasi za vyuma kwa macho. Kuko hesabu: chukua urefu wote wa uzi, gawanya kwa 17,817, unachopata ni nafasi ya chuma cha kwanza. Toa nafasi hiyo, gawanya tena kile kilichobaki kwa 17,817, na endelea hivyo. Kwa uzi wa milimita 650, chuma cha kwanza kinakuwa kwenye 36,5, na cha pili kinafuata kwa 34,4. Chuma cha 12 lazima kiangukie katikati kabisa, kwenye 325. Kisipoangukia pale, hesabu imekosea fasi, na hakuna ampli itakayoponyesha.

Kabla ya kutuma feza

Kugonga hakuwezi kuchukua fasi ya kila kitu. Sauti yake ni fupi na safi, karibu na piano. Sebene ya kukimbia itabaki kwa mpiga gitare na kikwaruzio chake. Lakini korale isiyo na mpiga basi, ao mwimbaji anayetembea peke yake kutoka kijiji mpaka kijiji, anaweza kupata mkono wa pili.

Kwa hiyo, mtu anayefikiri kununua ajibu maswali manne mbele. Nyuzi zake zitapatikana wapi? Nani ataitengeneza? Umeme utatoka wapi? Na ya mwisho: kwa miezi mitatu, amejaribu kugonga gitare ya kawaida iliyoshushwa nyuzi? Kama miezi mitatu ile ilipita na vidole bado vinataka zaidi, basi feza inatafuta kitu cha kweli. Kama gitare ilirudi pembeni kisha juma moja, ameokoa feza ya mwaka mzima.