Kutoka Ugonjwa Mmoja hadi Mgonjwa Mzima: Usimamizi wa Afya Kitale na Bungoma

Kwa takriban miongo miwili, msimamizi wa afya aliyefanya kazi Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, au katika kaunti jirani ya Bungoma, aliweza kujenga taaluma yake yote juu ya Ukimwi, kwa kuwa huko ndiko fedha za wafadhili na nafasi za ajira zilikoelekea. Mpango wa AMPATH, ulioasisiwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iliyoko Eldoret na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana, ulieneza kliniki za virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya, na mara nyingi kliniki hizo zilikuwa na mafaili, dawa na wahudumu wake zenyewe ndani ya ua wa hospitali ya serikali.

Mpangilio huo uliokoa maisha ya wengi, wala si haki kuubeza. Lakini mgonjwa aliyenusurika kifo alizeeka, akapata kisukari au shinikizo la damu, kisha akatakiwa kurudi siku nyingine, kwa nauli nyingine, kumwona mhudumu asiyejua lolote kuhusu faili lake la kwanza. Huduma jumuishi za msingi, yaani utaratibu wa kumhudumia mtu kwa maradhi yake yote katika kituo kilicho karibu naye, zinalenga kuondoa adha hiyo.

Katika Trans Nzoia, AMPATH ilijaribu njia hiyo kupitia vyama vya kina mama, ambavyo ni vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambamo wajawazito walijifunza uzazi salama na malezi ya watoto wachanga huku wakichanga fedha. Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya mwaka 2023 iliupa mwelekeo huo nguvu ya kitaifa kwa kuanzisha mitandao ambamo hospitali moja huwa kitovu cha vituo vya afya na zahanati, nao wahamasishaji wa afya ya jamii huhudumu nyumba kwa nyumba.

Kwa msimamizi, ugumu haumo katika falsafa bali katika daftari na fedha: aliyezoea kuwajibika kwa mfadhili mmoja sasa anapaswa kugawa bajeti ya kaunti, ambayo imebeba mzigo wa afya tangu ugatuzi wa mwaka 2013, na kuagiza dawa za maradhi yote, tena akilinda siri ya mwenye virusi anayeketi kwenye foleni ya wote. Marekani, mmoja wa wafadhili wa kliniki hizo, iliposimamisha misaada yake Januari 2025, mageuzi yaliyokuwa yakienda polepole yakawa ya lazima. Mabunge ya kaunti hizi mbili yasipotenga mishahara ya wahudumu waliokuwa wakilipwa na wafadhili, kuunganisha huduma kutakuwa kuunganisha foleni tu.