Mzigo usiogawanyika

Nilikuwa Miono, wilayani Bagamoyo, kufuatilia habari za ufuta nilipokiona: kibandiko kidogo cha plastiki kwenye tangi la pikipiki, na katikati yake mrija mwembamba mwekundu. Mwenye pikipiki ni dereva wa lobedi, lile tela la chini la mizigo mizito, yuko nyumbani kwa mapumziko kabla ya safari nyingine. Nikamuuliza, kaka, hiki ni nini? Akasema hicho ndicho kilichotaka kumtoa kazini.

Mrija ule hutoka kiwandani ukiwa mweupe. Hubandikwa kwenye mzigo usiotaka kutikiswa. Ukipata kishindo kilichozidi kipimo chake, rangi iliyofichwa ndani husambaa, mrija unageuka mwekundu na haurudi tena. Hauna saa wala ramani. Hausemi kama ni shimo la Iringa au winchi ya bandarini, hausemi ni usiku au mchana. Unasema limetokea, basi, na aliye karibu kuliko wote ni mwenye usukani. Mizigo mingine hufungwa pia kifaa cha kielektroniki kinachoandika saa na ukubwa wa kila kishindo. Madereva wanakipenda hicho, maana kinaweza kumtetea mtu. Pale penye mrija peke yake, dereva wetu amejiwekea sheria: hasaini karatasi bandarini kabla ya kuupiga picha, na kila anaposimama, Chalinze, Mikumi, Mafinga, hadi Tunduma, anauangalia kabla ya kunywa chai, kabla hata ya kwenda haja.

Mzigo wenyewe ni betri, na si ya gari wala ya sola ya nyumbani. Ni kontena zima la futi 20, lile lile tulilozoea kuliona limegeuzwa duka, likiwa limejazwa betri za lithiamu kuanzia sakafuni hadi darini, pamoja na mitambo ya kuzipoza. Makontena ya siku hizi huhifadhi takriban megawati-saa 5 za umeme na uzito wake unapita tani 40. Yanahitajika penye jua la mchana na giza la jioni: Malawi wamefunga betri za megawati-saa 10 kwenye mtambo wa jua wa Golomoti, na Afrika Kusini mtambo wa Kenhardt una zaidi ya megawati-saa 1,100.

Sasa sikiliza hesabu ya dereva, maana hapa ndipo penye kazi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari na mzigo wake tani 56, si zaidi, tena zigawanywe: tani 8 ekseli ya mbele, tani 18 kwa ekseli mbili zilizoongozana, tani 24 kwa tatu. Kichwa na tela peke yake vinakaribia tani 20. Ongeza kontena, umeshapita 60. Mwenye saruji akizidisha kwenye mizani ya Vigwaza atashusha mifuko. Huyu atashusha nini? Betri iliyofungwa kiwandani haipunguziki, kwa hiyo anahitaji kibali maalumu, tela lenye ekseli nyingi na gari la kumsindikiza. Na kwa kuwa kontena lina urefu wa mita sita tu, uzito wote hukaa mahali pamoja. Likiwekwa mbele kidogo au nyuma kidogo, ekseli moja inalia wakati nyingine inapumzika. Bandarini, anasema, wapakiaji huona sanduku dogo, wakadhani ni jepesi.

Bagamoyo ya zamani, ya misafara ya miguu, iliishi na sheria nyingine. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na bidhaa zote zilifungwa kulingana na bega lake. Hata boti ya mpelelezi Stanley, Lady Alice, iliyojengwa Uingereza kwa vipande, ilipofika Zanzibar vipande vilionekana vizito mno, seremala akaitwa kuvikata upya. Ndipo msafara ukaondoka Bagamoyo Novemba 17, 1874. Betri, kinyume chake, inataka bega ndilo lilingane na mzigo. Zipo zinazosafirishwa betri mbali, kontena mbali, zikafungwa zifikapo, lakini viwanda vinapendelea kumaliza kila kitu huko huko ili mafundi wa mradini wawe na kazi chache. Kazi hiyo haikupotea. Imehamia barabarani, na mimi naona anayeibeba hajulikani.

Dereva wetu alianza kwa kubeba transfoma. Transfoma kubwa husafiri bila mafuta, tumbo limejazwa hewa kavu au naitrojeni; imekufa mpaka ifike. Betri haifi. Ukiikausha chaji kabisa unaiharibu, kwa hiyo inasafiri na sehemu ya chaji yake, na ubavuni ina alama ya mizigo ya hatari, namba 9 chini ya michirizi myeusi, pamoja na namba 3536. Ameiona kwenye simu ajali ya Julai 26, 2024 karibu na Baker, California: lori lilipinduka na kontena la betri la takriban tani 34, likawaka, mitambo ikashindwa kulisogeza, barabara kuu ikafungwa karibu siku mbili huku wasafiri wakikwama kwenye joto la jangwa. Akafikiria bonde la mto Wami. Daraja la zamani pale, la mwaka 1959, lilikuwa la njia moja. Jipya lina urefu unaopita mita 500, na analishukuru. Lakini moto ukiwaka kwenye mteremko ule, mabasi yote ya Tanga na Arusha yatapita wapi? Na kijiji kilicho upande unakoelekea moshi, nani atakiamsha?

Nikamuuliza kama angeweza kuleta kontena moja hapa kwao. Akacheka, kisha akaitaja barabara kutoka Mandera kupita Miono hadi Saadani, takriban kilomita 60, kalavati moja baada ya jingine. Kiangazi angejaribu, akiwa ametembea kwanza kwa miguu kukagua kila kalavati. Masika, hapana. Hapa ndipo panaponiuma: vijiji vilivyo mbali na gridi ndivyo vingenufaika zaidi na betri, na ndivyo lobedi isivyovifikia.

Swali lake kubwa lilikuwa la kurudi. Betri hizi huchoka. Hukadiriwa kufanya kazi miaka 15 hadi 20. Siku muda huo ukiisha, sanduku litakuwa na tani zile zile, na kanuni za kusafirisha betri zilizoharibika ni kali kuliko za betri mpya. Kibali cha kwenda amewahi kukishika mkononi. Cha kurudi ataandika nani, kuelekea bandari ipi, na gharama italipwa na mwenye mradi au na kijiji kilichobaki nalo?