Dumu la Maji na Mbwa wa Msafiri

Barabara itokayo Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mwendo wa kilomita zipatazo 130, huteremka kutoka milimani penye baridi hadi tambarare kame za Idodi. Wako wanaoipita peke yao, katika magari yenye kitanda na jiko, mbwa wakiwa ndio wenzi na walinzi wao. Kwa kuwa mbwa hawaruhusiwi hifadhini, wasafiri hao hulala nje ya mipaka yake, ambako mbwa wao hukutana na mbwa wa vijiji, bweha na fisi.

Hapo ndipo penye hatari ya kichaa cha mbwa. Virusi vyake hutoka katika mate, huingia jerahani na kufuata mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya mwezi 1 hadi miezi 3. Zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufariki. Kabla ya hapo, kinga ipo.

Jeraha, hata mchubuko, lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Penye ukame mtu huyahurumia maji ya kunywa. Hivyo dumu la kuoshea jeraha litengwe kabla ya safari. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo apate chanjo, na akamilishe dozi zote hata akihamia mkoa mwingine.

Mhudumu naye asilipuuze jeraha kwa sababu tu mbwa ni wa mgonjwa mwenyewe. Aulize kwanza: mbwa huyo alichanjwa lini?