Gari Linagonga Mbele

Wanachama wenzangu, wengi wetu hapa chuoni tunaendesha magari ya kizee. Tumeyarithi kwa baba au shangazi, au tumeyanunua kwa pesa za kazi ya kiangazi, na mengine yana umri sawa na sisi. Barabara za Ohio nazo hazina huruma. Wakati wa baridi humwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma. Maji yakiingia kwenye nyufa za lami yanaganda, yanatanuka, na ikifika Machi barabara imejaa mashimo. Kwa hiyo ipo siku utasikia ko-ko-ko chini ya miguu yako. Mafundi wa nyumbani wana maneno matatu ya ugonjwa huo: gari linagonga mbele.

Makala hii inataka ujue kinachogonga kabla hujamlipa mtu. Mfano wangu ni pikapu ya baba ya mwaka 1999. Mwishoni mwa wiki anaitumia kuwahamishia watu vitanda na makochi, na kazi hiyo inalipa sehemu ya ada yangu. Ilipoanza kugonga, gereji moja iliiangalia kwa dakika chache ikasema shokapu zote nne zibadilishwe. Bei waliyotaja ilikaribia bei ya kuuzia pikapu yenyewe. Baba akasema tumpigie kwanza mjomba, ambaye ni fundi Tanga tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako ameniambia. Sasa, linagonga lini?"

"Linagonga mbele, upande wa kulia."

"Sijauliza wapi. Wapi tutapajua tukifika. Nimeuliza lini."

Mlio una saa zake

Swali la mjomba ndilo msingi wa kazi yote. Sehemu ya mbele ya pikapu ina viungo vingi. Springi inabeba uzito, na shokapu inaizuia springi isinesenese. Mkono wa juu na mkono wa chini vinashika gurudumu. Bushi za mpira ziko pale mikono inapofungwa kwenye chesisi, na boljointi ziko upande wa pili, pale gurudumu linapogeuka. Tairodi zinaleta amri ya usukani, na stabilaiza inazuia gari lisilale kwenye kona. Kila kiungo kina wakati wake wa kulalamika, kwa hiyo sikiliza hivi:

Ukipita vishimo vidogo polepole na mlio ni mwepesi, kama vijiko kwenye droo, anza na linki za stabilaiza na bushi zake. Huchakaa mapema na kuzibadilisha si kazi kubwa.

Ukikanyaga breki likagonga mara moja, na ukiachia likagonga tena, shuku bushi za mkono wa chini. Lakini kama mlio unapotea ukigusa breki kidogo huku unapita kwenye mashimo, angalia kalipa na padi za breki.

Ukizungusha usukani gari likiwa limesimama na ukasikia kitu kinagonga au kinalia kama mlango mkavu, angalia boljointi na tairodi.

Ukitaka kupima shokapu, bonyeza kona ya mbele ya gari kwa uzito wako wote, kisha achia. Gari likipanda na kutulia, shokapu bado inafanya kazi. Likiendelea kucheza kama mtumbwi, au ukiona mafuta yamevuja ubavuni mwa shokapu, hapo imechoka.

Pikapu yetu ilibonyezwa ikatulia papo hapo, na shokapu zilikuwa kavu. Iligonga kwenye matuta ya polepole na tulipozungusha usukani imesimama. Mjomba akasema, "Shokapu mziache. Inueni gurudumu."

Jeki iwekwe wapi

Kabla ya jeki, usalama. Egesha mahali pa sakafu ngumu na tambarare, vuta breki ya mkono, ziba magurudumu ya nyuma kwa magogo au vipande vya mbao imara. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Ukishainua, weka stendi. Usiingie hata kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kisha kuna jambo ambalo linaamua kama utaona ugonjwa au utadanganywa. Katika pikapu kama yetu, springi inakaa juu ya mkono wa chini. Ukiweka jeki kwenye chesisi, gurudumu linaning'inia na springi inaendelea kusukuma mkono kuelekea chini. Nguvu hiyo inaikaza boljointi, na hata iliyokwisha itaonekana nzima. Weka jeki chini ya mkono wa chini wenyewe, karibu na boljointi kadiri uwezavyo. Hapo mzigo unabebwa na jeki, boljointi inakuwa huru, na ulegevu unajitokeza.

Sasa shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Likicheza, tatizo ni boljointi au beringi ya gurudumu. Mwombe mtu akanyage breki, halafu tikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi. Kisha shika tairi kulia na kushoto. Likicheza hivyo, fuata tairodi na viungo vya usukani. Mwisho, pitisha mtaimbo chini ya tairi uinue taratibu huku mwenzako akimulika boljointi kwa tochi.

Nilipoinua mtaimbo, baba alikuwa na tochi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Inua tena." Boljointi ya chini ya kulia ilikuwa inapanda na kushuka ndani ya nyumba yake, na mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umepasuka. Grisi ilikwisha toka na maji ya chumvi yakaingia. Mjomba aliiona kwenye simu akasema pikapu isibebe mzigo wala mtu mpaka itengenezwe. Boljointi ikichomoka, gurudumu linalala, na dereva hana tena usukani. Jumamosi iliyotangulia baba alipita barabara kuu na kochi na wadogo zangu wawili.

Kutengeneza

Tulinunua boljointi mbili, kwa sababu ya kushoto ilikuwa na umri uleule. Usiku wa kwanza tulipulizia nati mafuta ya kulegeza kutu. Maduka mengi ya spea hapa Marekani huazima vifaa kwa amana, na ukivirudisha unapewa pesa yako. Tuliazima presi ya umbo la herufi C, kwa kuwa boljointi zetu ni za kushindiliwa.

Jeki ilibaki chini ya mkono wa chini muda wote. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, na jeki hiyo ndiyo inayoishika. Tulitoa pini, tukalegeza nati bila kuitoa yote, tukagonga kwa nyundo ubavuni mwa chuma kinachoshika boljointi mpaka ikaachia. Mpya ilipoingia, tulikaza nati kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha gari. Tundu la pini lisipolingana, kaza mbele kidogo, usirudishe nyuma. Pini iwe mpya. Kisha grisi.

Wenye kubadilisha bushi za mpira wakumbuke hili: kaza bolti zake za mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Ukizikaza mkono ukiwa unaning'inia, mpira utakaa umejisokota na utapasuka mapema.

Baada ya yote peleka gari likafanyiwe alaimenti, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja.

Maneno niliyookota chini ya gari

Walimu wetu watapenda hili. Kiswahili cha gereji kilichukua maneno mengi kwa Waingereza, ndiyo maana tunasema spana, boneti na buti, wakati Wamarekani wana majina mengine kabisa. Mjomba aliposema "boneti" ilibidi nifikiri kidogo. Lakini usukani ni wa kale zaidi: ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa gari.

Nilikulia kwenye Kiswahili cha jikoni na cha salamu. Cha spana sikuwa nacho, na mjomba alikuwa hajapata mtu wa huku wa kumpa. Sasa ananipigia yeye mwenyewe kila Jumapili, na swali lake la kwanza baada ya salamu ni kama kuna gari jingine.

Basi, kama lako linagonga, usiniambie wapi. Andika wiki nzima linagonga lini, kisha njoo na karatasi hiyo kwenye mkutano wa chama. Stendi tunazo.